Picha za mawimbi kwa mtu wa Dodoma: anzia Mtera, ndipo ushuke pwani

Ukiwa Dodoma ukasema unataka kupiga picha za watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kila mtu atakuonyesha njia ya Dar. Ni kweli, mawimbi ya ubao yako baharini. Lakini mpiga picha wa bara anayeshuka pwani bila kujifunza maji kwanza hurudi na kadi iliyojaa migongo ya mawimbi yaliyokwisha kuvunjika. Ndivyo nilivyorudi mimi safari ya kwanza. Lenzi ilikuwa nzuri, mwanga ulikuwa mzuri, ila maji nilikuwa siyajui.

Maji ya kujifunzia tunayo. Ukishika barabara ya Iringa, ukapita Fufu na Chipogolo, unafika Bwawa la Mtera kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Lilijengwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na mwaka 1988 likaanza kuzalisha umeme wake lenyewe, megawati 80. Likijaa linafunika zaidi ya kilometa za mraba 600. Kwa mpiga picha, huo upana ndio mali. Wimbi huzaliwa na upepo unaosugua maji, na jinsi upepo unavyopata uwanja mrefu wa kukimbia juu ya maji, ndivyo wimbi linavyokua. Mtera uwanja upo.

Nikupe hesabu iliyonifanya niwe narudi kila nipatapo nafasi. Siku ya upepo simama ukingoni na saa mkononi. Wimbi moja hadi jingine ni kama sekunde 3, yaani mawimbi 20 kwa dakika, 1,200 kwa saa. Baharini mawimbi mazuri hupishana kwa sekunde 8 mpaka 14, na si kila moja lina mtu juu yake. Unayoyaona kwa asubuhi moja Mtera, pwani yatakula siku kadhaa. Ni madogo, ndiyo. Mengi niliyoyapiga hayakuvuka goti. Lakini namna linavyoinuka, linavyokonda kileleni na linavyoanguka ni ile ile.

Hatua ya 1: Jua upepo kabla ya kuchaji betri

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, upepo wetu mkubwa hutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki. Ni ndugu wa ule ambao watu wa pwani wanauita kusi. Alfajiri bwawa limelala kama kioo. Jua likishapasha ardhi, kwenye saa 4 asubuhi, upepo unaamka, na alasiri utaona vilele vyeupe mpaka mbali. Kwa hiyo usifike saa 12 asubuhi ukitafuta mawimbi, utapata kioo. Kioo nacho kina picha zake, hasa ile mibuyu na miti mikavu iliyozama bwawa lilipojaa, ikisimama majini na vivuli vyake.

Upepo ukitoka kusini-mashariki, kingo zinazopigwa ni za kaskazini na magharibi, na ukingo wa kaskazini ni wa upande wetu wa Dodoma. Ukisimama hapo ukatazama kusini, jua la asubuhi liko kushoto na la jioni liko kulia. Mwanga wa ubavuni ndio unaochonga wimbi: upande mmoja unang'aa, mwingine una kivuli, umbo linaonekana. Jua la utosini huyafanya maji yaonekane kama bati.

Angalia pia kiasi cha maji. Bwawa hili huendeshwa kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mita 8 na nusu si nyingi ukizisikia, lakini kwenye nchi tambarare kama ile maji yakishuka hivyo ukingo unahama mbali sana. Mahali ulipopapenda Juni, Novemba utakuta ng'ombe wanalisha. Piga simu kwa mtu wa pale kabla hujapanda basi.

Hatua ya 2: Weka kamera chini, tazama

Dakika 15 za kwanza kamera ikae kwenye begi. Unatafuta mstari ambapo mawimbi yanavunjikia. Wimbi likisogea kwenye maji mafupi, miguu yake inaburuta chini na kichwa kinatangulia. Linapofika kwenye kina kisichozidi sana kimo chake, kama mara moja na theluthi hivi, linaanguka. Kwa wimbi la nusu mita, hapo ni maji ya sentimeta 65. Sakafu haihami kwa siku moja, kwa hiyo wimbi la ukubwa ule ule litavunjikia pale pale tena na tena. Ukishaupata mstari huo umepata mahali pa kuelekezea lenzi. Baharini sheria ni hiyo hiyo, isipokuwa sakafu inaweza kuwa mwamba unaoinuka ghafla, na wimbi likaanguka kwa nguvu badala ya kubomoka polepole.

Kuna jambo nilifundishwa na mvuvi mmoja mzee pale mwaloni, wanaposhushia samaki, nalo limenisaidia kuliko kozi yoyote niliyolipia. Nilikuwa nimeinama na kamera, nakosa wimbi baada ya wimbi, akasogea.

"Mwanangu, unatazama karibu mno. Tazama kule maji yalipoingia weusi."

"Pale mbali, mzee?"

"Pale pale. Upepo umeshashika maji. Hesabu taratibu, utauona mwenyewe unafika."

Nikatazama. Kipande cha maji kama mita 200 mbele kilikuwa kimebadilika rangi, kama kitambaa kilichosuguliwa kinyume na nyuzi zake. Nikaanza kuhesabu. Sikufika 30, mashavu yangu yakapigwa na upepo, na mawimbi yaliyokuja nyuma yake yalikuwa makubwa kuliko yote ya asubuhi ile. Tangu hapo jicho langu la kulia liko kwenye kamera na la kushoto liko wazi, linatazama mbali. Baharini utaona dalili nyingine: mstari mweusi kwenye upeo, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ni kundi la mawimbi makubwa linakuja, na wenye mbao wataanza kupiga makasia kwa mikono kabla wewe hujaelewa kwa nini.

Hatua ya 3: Mipangilio ya kamera

Kasi ya shata ndiyo ya kwanza. Kugandisha matone anza na 1/1600 ya sekunde, na kwa mtu aliyeko kwenye ubao usishuke chini ya 1/1000. Tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8. Kwa jua letu ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ya 200 au 400 inatosha. Fokasi iwe ya kufuatilia, sio ya kubana mara moja, na upigaji uwe wa mfululizo. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Povu ndilo linalodanganya kamera. Ni jeupe kupita kiasi, na likiungua hakuna programu itakayolirudisha. Punguza mwanga kwa theluthi moja mpaka theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), halafu angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, baada ya picha kumi za kwanza. Bora kivuli kiwe kizito kidogo kuliko povu liwe karatasi.

Kichujio cha kuondoa mng'ao kinafaa ukitaka kuona chini ya uso wa maji, lakini kinakula stopu moja mpaka mbili, na sisi tunahitaji kasi. Mimi huwa nakiacha nyumbani.

Shuka chini. Hili ningeliandika kwa herufi kubwa kama ingekuwa adabu. Ukisimama wima na kupiga wimbi la goti, unapata picha ya tope na mikunjo. Laza kamera sentimeta 20 kutoka ardhini, kwenye mfuko wa mchanga au begi lako, tumia milimita 200 au zaidi, na wimbi lile lile litaziba upeo na kumeza miguu ya mti mkavu ulio nyuma yake. Maji ya Mtera yana udongo, hayatakupa ule ukijani unaopenyeza jua kama chupa. Usiupiganie. Tafuta umbo na mng'ao wa juu, na ukiona rangi inakusumbua geuza picha iwe nyeusi na nyeupe.

Halafu bonyeza mapema. Ukiliona wimbi zuri ndani ya kamera, limeshapita. Anza mfululizo linapoanza kukonda kileleni, kabla halijapinda.

Hatua ya 4: Mtumbwi badala ya ubao

Mwenye ubao hatumpati Mtera, lakini tunaye mvuvi anayerudi mwaloni na upepo mgongoni, amesimama kwenye mtumbwi, upondo mkononi, wimbi likiinua tezi la chombo chake. Mwili unaotafuta mizani juu ya kitu kinachoyumba ni somo lile lile. Tazama miguu. Yule mzee huweka unyayo mmoja umekanyaga upande kwenye ubavu wa mtumbwi, vidole vimefumbuka, na kabla wimbi halijamfikia kisigino kinanyanyuka kidogo sana. Nilipokigundua kile kisigino nikawa najua lini atainama, na picha zikaanza kuja zenyewe. Mteleza mawimbi naye ana kisigino chake: huinamisha goti la nyuma na kugeuza kichwa kule anakotaka kwenda, ndipo ubao unafuata. Fuata kichwa, ubao utakuja.

Omba ruhusa. Anza na uongozi wa mwalo, kisha mvuvi mwenyewe. Salimia kwanza na kamera ikiwa begani. Watu hawa wako kazini, na samaki aliyekamatwa usiku kucha hangoji mpiga picha. Usielekeze lenzi kwenye ukuta wa bwawa wala mitambo ya umeme, eneo lile lina ulinzi. Droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Ukirudi mjini endelea na mazoezi ya kufuatilia kwa kutumia bodaboda. Simama mahali salama kando ya barabara, weka lenzi ndefu, umfuate dereva tangu anapochomoza mpaka anapopita. Mteleza mawimbi huenda kwa kasi inayokaribiana na bodaboda ya mtaani, kwa hiyo shingo na mabega yako yanajifunza kazi yenyewe. Ukizoea, shusha shata mpaka 1/30 umfuate bila kutetereka. Mtu atabaki wazi na nyuma yake kutaburuzika. Kati ya picha 50 utapata mbili. Ni kawaida.

Hatua ya 5: Kupiga ukiwa kwenye maji

Nianze na katazo. Usiingie Mtera kwa miguu, wala usichovye mkono kutoka kwenye mtumbwi. Kuna mamba, kuna viboko, na maji yaliyotulia ya mabwawa yetu, Hombolo nako, yana konokono wanaobeba kichocho. Hakuna picha ya thamani hiyo. Kamera ndogo ya vitendo ifunge kwenye fito ya mita moja na nusu, kaa katikati ya mtumbwi na jaketi la kuokolea mwilini, mwenye mtumbwi akiwa ndiye mwamuzi wa kwenda na kurudi, kisha shusha fito mpaka kioo kiguse maji. Wimbi likipita, nusu ya fremu itakuwa maji na nusu mtu. Weka kamera ipige kila nusu sekunde.

Mwili wako ufundishe kwenye bwawa la kuogelea. Hoteli kadhaa mjini zinaruhusu mtu wa nje kwa malipo ya siku. Jifunze kukaa mahali pamoja kwa miguu tu ukiwa na mapezi, mikono yote ikiwa na kamera. Ukiweza dakika 20 bila kuhema ovyo, ongeza kupiga mbizi na kutoka ukiwa tayari unabonyeza. Mwambie rafiki akumwagie maji ya beseni usoni mwa kamera wakati unapiga, upate kujua tone likikaa katikati ya kioo linaharibu nini.

Sasa kasha la kuzuia maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopotezea kamera. Kasha hufungwa kwa oringi, pete ya mpira nyembamba kama tambi, na pete hiyo ndiyo pekee iliyo kati ya kamera yako na maji. Siku ile nilifungia kasha nje, kwenye upepo, nikaona limebana vizuri. Nilipotoka majini kulikuwa na ukungu, kisha tone, kisha maji ya kijiko kimoja yakicheza chini ya lenzi. Nilipofungua nikakuta unywele. Mmoja tu, mfupi, wa kope pengine, umelala kukatisha pete. Kwa vumbi la Dodoma chembe moja ya mchanga inatosha kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi kila mara, hata kama una haraka. Funga madirisha, nawa mikono, ikaushe. Toa oringi kwa kidole, kamwe si kwa kisu. Ipitishe taratibu kati ya vidole viwili ukiisikiliza. Kidole kitasikia chembe ambayo jicho halioni. Futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwa pete nzima, ing'ae tu, isitapakae. Funga. Halafu, bila kamera ndani, weka karatasi ya chooni, zamisha kasha kwenye ndoo na jiwe juu kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, weka kamera.

Jambo moja tunawazidi watu wa pwani: hewa yetu kavu. Ukifungia kasha kwenye unyevu wa Dar, hewa uliyoifungia ndani itageuka ukungu kwenye kioo maji yakilipoza. Ukiwa kule lifungie chumba chenye kiyoyozi, na utie kipakiti cha kunyonya unyevu.

Hatua ya 6: Kushuka pwani

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar kwa saa chache, kwa hiyo wikendi moja inatosha. Cha kwanza ambacho bwawa halikukufundisha ni kujaa na kupwa. Kati ya maji kujaa na kupwa ni kama saa 6, na wakati wa bamvua tofauti ni kubwa sana. Mwamba uliokuwa ukivunja mawimbi vizuri asubuhi unaweza kuwa umezama au umebaki mkavu mchana. Uliza wavuvi, tazama mwezi: mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, nusu mwezi ni maji mafu. Ukienda Paje, Unguja, utakutana zaidi na wale wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa, kuliko wale wa ubao mtupu. Mwamba ulioko mbali huvunja mawimbi, na ndani yake maji ni tulivu na upepo ni wa uhakika. Kwa anayeanza ni mahali pazuri, maana mtu anapita mbele yako mara nyingi na unaweza kusimama.

Jua la pwani yetu huchomoza baharini. Ukiwa ufukweni alfajiri unapiga kinyume na mwanga: mtu atakuwa kivuli, na wimbi safi litawaka kijani kwa nyuma kabla halijapinda. Hapo ongeza mwanga kwa wimbi, mtu mwache mweusi. Alasiri jua liko mgongoni mwako, nyuso na rangi za mbao zinatoka.

Kwa picha za ndani ya maji tumia lenzi pana na uwe karibu, mita moja au mbili. Clark Little wa Hawaii alijijengea jina kwa kuingia kabisa ndani ya wimbi la ufukweni na lenzi pana. Wewe anza na wimbi la kifuani, lililo juu ya mchanga. Kama kioo cha kasha ni kuba, kilambe kabla ya kuchovya, maji yatateleza kama utando badala ya kukaa matone. Usikae kati ya mteleza mawimbi na njia yake. Kaa pembeni, upande anaoelekea lakini nje ya mstari wake, na muongee mapema atapita wapi. Wimbi likikuelemea, vuta pumzi na uzame chini yake, kasha likiwa mbali na uso wako. Kamba yake ifungwe mkononi, kamwe si shingoni. Ukihisi unavutwa nje, usishindane na mkondo. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake. Na usiingie peke yako.

Hatua ya 7: Ukitoka majini

Loweka kasha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa, likiwa bado limefungwa, na ubonyeze kila kitufe ili chumvi itoke kwenye viungo. Likauke kivulini. Fungua likielekea chini, tone lidondoke sakafuni. Nakili kadi sehemu mbili kabla ya kulala, na ufute picha kesho yake, si usiku huo.

Chapa zile za Mtera uzirudishe. Mimi huziweka kwenye bahasha ngumu na kumpa kondakta wa basi la Iringa, au nazipeleka mwenyewe nikienda. Yule mzee wa mwaloni nilimpelekea tatu. Akaziangalia zote, akarudisha mbili. Akabaki na ile ambayo sura yake haionekani, ni mguu tu kwenye ubavu wa mtumbwi, maji yamesimama nyuma yake na kisigino kimeshaanza kunyanyuka.